Kipande cha Mpira Kiganjani

Juzi nilishuka Ikwiriri nikitoka shule ninayofundisha, na pale kwa mafundi redio nikakutana na harufu ya risasi ya kuungia nyaya ikiyeyushwa. Sijui kama na wewe una harufu inayokushika mkono. Mimi hiyo ilinirudisha Kibiti, barazani kwa bibi, nilipokuwa darasa la tano.

Ilikuwa miaka ile vitu vya nje vilipoanza kumwagika: sabuni za kunukia, redio za kaseti, mitumba ya kila namna. Jirani yetu baharia yeye alirudi na garimoshi. Dogo, jeusi, urefu wa muhogo, na reli zake za kuunganisha na kisanduku cha vitufe cha kuliendeshea. Kisanduku hicho kiliongea tu na injini yenye kidude cha kupokea amri, na injini ya garimoshi hilo, ya zamani, haikuwa nacho. Baharia alikileta kando, kimoja tu, kama kucha ya dole gumba, na nyaya nne za rangi.

Aliyetaka litembee ni bibi. Babu, kabla sijazaliwa, alikuwa akichochea makaa kwenye garimoshi huko bara, na bibi, mtu wa Salale kule deltani, alijua mitumbwi tu.

"Nionyesheni basi, nijue mume wangu alikuwa anaondoka na nini," alisema huku akipepeta mchele.

Kazi akapewa baba mdogo, fundi redio. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo chuma cha kuchomea alikipasha kwenye jiko la mkaa, ubavuni mwa chungu cha samaki wa nazi. Mimi, kwa vidole vyangu vyembamba, nilipitisha nyaya tumboni mwa injini. Baharia alituonya jambo moja: nyaya za mota zisiguse bodi ya chuma ya injini, kidude kitaungua.

Baba mdogo alipokaza skrubu ya mwisho, nikaona. Kijichuma cha mota, pale nyaya zinapoungwa, kilikuwa kimelalia bodi. Nilishakata, yeye akiniona, kipande cha tyubu ya baiskeli cha kukinga pale, kiko kiganjani. Lakini baraza lilijaa watu, na baba mdogo alikuwa anatamba.

"Wewe umevuka bahari tu, mimi nimevuka nyaya."

"Washa tuone, fundi wa maneno," baharia akamjibu.

Mimi, ambaye hata kuitikia salamu nilitazama chini, nimkosoe mbele ya watu? Nikafumba kiganja.

Wakaunganisha betri ya gari, baharia akabonyeza. Moshi mwembamba ukatoka juu ya bomba la moshi la injini. Watu wakapiga makofi. "Hata moshi linao," bibi akasema, ameridhika. Sisi watatu tulijua kilichokuwa kinaungua.

"Umeniletea kidude feki," baba mdogo akamwambia baharia.

"Feki ni mkono wako."

Wale wawili walikuwa wakila sinia moja kila Ijumaa. Wiki iliyofuata baharia alirudi melini bila kuaga.

Baba mdogo alikitoa kile kidude, akaziunga nyaya moja kwa moja, akaweka betri nne za redio. Garimoshi likauzunguka mguu wa kinu, taratibu, likinguruma kama paka. Bibi aliliangalia mpaka wali wake ukapoa.

"Polepole hivi? Basi angetaka kurudi, angeshuka."



Sasa bibi hayupo. Baraza lile limevunjwa, na nyumbani kwa baharia wanauza soda. Garimoshi sijui lilikopotelea. Kipande cha mpira ndicho nilichobaki nacho, miaka yote kati ya kurasa za daftari hili ninaloandikia, na baba mdogo bado anawasimulia wateja habari za kile kidude feki.

Leo asubuhi nilikiweka kile kipande cha mpira mezani kwake. Akakigeuza, akakipima kwa jicho. Alikitambua.

"Hiki kilikuwa wapi siku ile?"

"Mkononi mwangu, ba'mdogo."

Aliacha chuma chake kipoe. Kisha akauliza kama nimesikia baharia yuko bandari gani siku hizi. Nikamwambia sijui. Tukawauliza na majirani. Hakuna anayejua.