Capitaine Aliyepima Ndege na Missile ku Meza Yangu ya Cuisine

Hapana, sikulia. Mwenye kuliaka ku kilio ni mwenye amepoteza kitu. Mimi nilienda ku kijiji cha Miti kuhakikisha kama kweli amekufa, juu yule Capitaine aliishaka kufa mara moja mbele, na ile mara ya kwanza nilikuwa pale, nimeshika sahani. Juma iliyopita wamemuzika. Mu sanduku alionekana murefu. Wakati alikuwa muzima, kofia njo ilikuwaka inamusaidia. Padri akasema na ile sauti yake ya pua, «Nduguuu yetu alitumikia inchiii,» nami nikairudilia polepole mu sikio ya mama mwenye alikuwa kando yangu, mupaka akacheka mbele ya maiti. Musinikasirikie, ninyi munaonisomaka. Mimi sikusomaka; nasema, wengine wanaandika. Kuiga sauti za watu njo masomo yangu yote, na ile masomo njo ilimumaliza huyu mutu.

Nilimuonaka tena mara moja tu, alipotoka mu jela. Alikuwa ku Miti, anafuga kuku, suruali inamukimbia kiuno. Mwewe alikuwa anazunguka juu ya vifaranga. Nikamusalimia vile ninasalimiaka watu: «Capitaine, missile yako iko wapi? Adui iko juu!» Bibi yake akaniangalia sawa nyoka. Lakini yeye akanipa kiti, akaleta yai la kuchemusha, nikalikula. Kisha akaniomba kitu chenye sijaombwaka na mutu mwingine. Akasema: «Mama, uniige. Vile nilikuwa ninasemaka wakati ule. Mimi mwenyewe nimesahau ile sauti.» Nikaifanya. Sauti nyembamba, imenyooka sawa pasi, na kuvuta pua mbele ya kila neno kubwa. Alisikiliza na macho imefungwa, midomo inanifuata. Bibi yake akatoka na mwiko mu mukono: «Mama, inatosha. Ulishaka kumuuza na ile sauti, usimurudishie na chumvi ku kidonda.» Nikamaliza yai, nikaenda.

Wakati ya Zaïre nilikuwa mupishi ku mess ya ba officier, hapa Bukavu, mu nyumba moja yenye kuangalia ziwa. Colonel njo alikuwa mukubwa, tumbo mbele, sauti nyuma yake. Capitaine alikuwa mutu wa makaratasi na karte za vilima. Siku moja habari ikafika: Général mumoja atatoka Kinshasa, anataka kusikia namna ya kulinda muji. Walete ndege za vita zikae ku uwanja wa ndege wa Kavumu, ao walete ba missile za kuangusha ndege zikae ku vilima? Vyote viwili pamoja, hapana. Colonel alitaka ndege. Capitaine alitaka missile, na akaomba ruhusa ya kusema. Galons zake, zile alama za cheo, zilikuwa zimezeeka ku mabega. Wadogo wake wote walishamupita. Kama Général angemukubali, angemubeba Kinshasa kufanya kazi ya kichwa. Kama hapana, angebaki kuhesabu viatu vya camp mupaka kufa. Alijua, nami nilijua, juu alinielezeaka kila asubuhi mu cuisine.

Alikuwa anakuja kujifunza kusema. Mbele yangu hakuogopa. Anachukua bugali yangu, anaitengeneza na kijiko. «Mama, hii ni vilima vya Kabare. Hii sahani ni piste ya Kavumu, njia ya kurukia ndege. Ngambo ya ziwa, adui.» Anabeba sambaza mbili, samaki ndogo za ziwa, anazipitisha juu ya chungu, vuuuu! «Mupaka iko karibu. Mbele pilote wetu amalize kuvaa viatu, bombe imeisha kuanguka ku soko. Na piste iko moja. Wakiivunja, ndege zetu zote zinabaki kuku bila mabawa. Na mawingu ya hapa? Lakini missile inakaa ku kilima sawa kuku juu ya mayai. Inangoja tu.»

Mimi naweka mikono ku kiuno, namufanyia Colonel, na ile sauti ya mafuta: «Citoyen Capitaine! Kuku yako inangoja, inangoja, na adui akikataa kuja? Waasi wakijificha mu pori ya Shabunda, missile yako itashuka kilima kuwatafuta? Ndege inaenda, inaona, inarudi, kesho inaenda tena. Missile ukiitupa, imeisha!»

Anacheka mupaka anakaa ku gunia ya makala ya kupikia. Kisha kicheko kinakauka. «Ni kweli, Mama. Ile neno iko na uzito.» Anarudi ku bugali yake, anapima tena. Vile njo alikuwa: ukimupiga na neno nzuri, hakasiriki, anaenda kulifikiria. Mu jeshi ile, hiyo ilikuwa ugonjwa.

Asubuhi ya mwisho akafika bila kuvuta pua. «Mama, kiko kitu kimoja ata Colonel hajakiona. Mu ndege muko mutu, na mutu iko na macho. Missile haina macho. Ndege ya Chef yenyewe ikipita pale, radio yake ikiwa imekufa, missile itaiangusha sawa ile ya adui. Haijue Chef.» Wakati ile Chef alikuwa mumoja tu, Rais wa inchi. Capitaine alikuwa ameisha kupata dawa: waya ya téléphone kutoka Kavumu mupaka ku kilima, na hakuna kutupa kitu mupaka Kavumu iseme ndiyo. «Ku meza nitasema waya tu. Ile ya Chef sitaitaja.» Nikamujibu, «Sawa, Papa.» Anaambia nani? Anaambia mwanamuke mwenye, mu ile juma moja, alikuwa ameishaka kuiga padri, Colonel, bibi ya Colonel, na mbuzi ya bibi ya Colonel.

Munisikilize vizuri, nitoe funzo sasa, juu nyuma ya maneno ya Général, yenye mutasikia ku mwisho, hakuna mwenye aliongeza kitu. Ndege za Colonel hazikuja ku Kavumu. Missile ya Capitaine haikuja. Kilima kile kiko na mihogo. Colonel alinipa pagne, kitenge cha kuvaa, nikaipokea, na ku kilio ya Miti njo niliivaa, juu pagne nzuri haijue imetoka wapi. Watu wa siku hizi wanasema wakati ile tulikosa wenye akili. Uongo. Wenye akili walikuwako, walikuwa wanajifunza kusema mbele ya wapishi, juu mu salon ya wakubwa nani angewasikiliza? Kosa ya Capitaine haikuwa kuchagua missile. Alipima mupaka akafika pale hesabu yake mwenyewe inavunjika, akaonyesha mutu ile fasi. Fundi wa kweli anafanyaka vile. Lakini fundi wa kweli anaangaliaka kwanza ni nani ameshika taa. Mukipenda kunihukumu, muhukumu. Nami ninamuhukumu yeye: mutu mwenye kujua mupaka ndege inatoka wapi, hakujua maneno inatokeaka wapi.

Sasa ile siku Général alifika, saa sita ya midi, alikaa ku kichwa ya meza. Capitaine akasimama, akasema bila karatasi. Mupaka. Mawingu. Piste moja. Waya. Akasema ata uzuri wa ndege, ile ya Shabunda nilimufundisha mimi, akaijibu moja kwa moja. Général akaacha kutafuna. «Kilima gani?» Capitaine akamuonyesha na kisu. «Watu ngapi wa kuilinda?» Akamuambia. Général akatoa kalamu. Sisi wenye kusimama ku mulango tuliona: ameshinda. Colonel naye aliona, jasho likamutoka ku shingo. Akapiga makofi.

«Mama! Kuja huku! Mon Général, huyu mama anaigaka kila mutu, utakufa na kicheko. Mama, tufanyie Capitaine, vile anachezaka vita na samaki zako!»

Capitaine akanitazama, akatikisa kichwa: hapana. Kidogo sana. Niliona. Ningeweza kumufanyia vile anakunywaka supu, ile peke yake ingetosha. Lakini Général alikuwa ameanza kutabasamu, na mwenye kuigaka akipata kicheko moja, anatafuta ya pili sawa mulevi. Nikavuta pua. Nikapitisha sambaza juu ya sahani ya Colonel, vuuuu! Nikalalia bugali sawa kuku. Général anapiga meza, machozi inamutoka. Ilinibakia moja tu, ile nzuri kupita zote. Nikashusha sauti, nikainama sawa yeye anainamaka: «Ndege ya Chef yenyewe, Mama, ikipita pale, missile itaiangusha. Haijue Chef.»

Kijiko kilianguka, sijui cha nani.

Capitaine alisema, «Mon Général, ile njo sababu ya waya...» na sauti yake ilikuwa imeisha kubadilika, ata mimi singeweza kuiiga.

Général akapanguza mudomo. Akakunja serviette mara mbili, akaiweka. Akasema na Swahili, ata sisi ba cuisine tusikie:

«Toa galons. Mutu mwenye ameisha kupima namna ya kuangusha ndege ya Chef, hatumuachiake ata jiwe mu mukono.»