Masikio Mawili ya Ng'ombe Mmoja

Kaka yangu alinipigia simu asubuhi, hata salamu hakutoa. "Mdogo wangu, tunahama. Nimeshaongea na mwenye fuso. Ng'ombe zinaisha huku."

Nilikuwa mlangoni kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, nimebeba beseni la nguo. Nililitua chini kwa nguvu mpaka maji yakanirukia miguuni. Mimi hukasirika kwanza, huzuni hunijia baadaye.

Sisi tumekulia kwenye kuhama. Wazazi wetu walishuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa bonde la Usangu, na huko ndiko nilikozaliwa. Baadaye tukasogea upande wa Iringa, kijiji kimoja mbele ya Idodi, ambako baba alizikwa. Kote tulikopita tuliulizwa swali lilelile: nyie mmetoka wapi? Niliulizwa shuleni, niliulizwa zahanati, na kaka ameulizwa hata na watoto waliozaliwa yeye akiwa yupo hapo. Sasa mama ni mzee, magoti yanamsumbua, na alikuwa ameshasema wazi kwamba fuso hapandi tena. Kwa hiyo kaka akiondoka, ama angemburuza mama, ama angemwacha peke yake na kaburi la baba. Nilipofikiria hivyo nililia palepale mlangoni.

Ng'ombe walikuwa wanakufa kwa ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe. Cha kuudhi ni kwamba kijiji kina josho, na watu walikuwa wanaogesha mifugo kila wiki. Ng'ombe anatumbukia, anaogelea, anatoka anachuruzika dawa, na kesho yake kupe wako masikioni, wamenona kama maharage. Kijiji kizima kilikubaliana kwamba dawa ni feki. Kaka yeye alikwenda mbali zaidi, akasema ardhi yenyewe imetukataa.

Mume wangu, Msafwa wa milimani anayelima viazi, aliichukua simu mkononi mwangu. Katika kundi lile walikuwamo ng'ombe wa mahari yangu, na yeye hajasahau alivyohangaika kuwapata. "Shemeji," alisema, "ng'ombe zangu zikifa zote, mke sirudishi. Nakwambia mapema." Kaka akacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, nami nikapata mwanya. Nilimwomba asimpe mwenye fuso jibu la mwisho kwanza. Anitumie kwa basi kopo la dawa ambalo halijafunguliwa, na chupa ya maji ya josho.

"Utafanya nini nayo?" aliuliza. "Si kazi yako kuosha vichupa tu?"

"Ndiyo. Na vichupa hivyohivyo vitakuumbua."

Ninafanya kazi kwenye maabara ndogo ya mtu binafsi, tunapima maji ya visima na dawa za mashambani. Mwenye maabara aliniruhusu kutumia mashine kazi za wateja zikiisha. Nilianza na kopo. Dawa ilikuwa nzima, yenye nguvu ileile iliyoandikwa kwenye lebo. Nikapima maji ya josho, dawa karibu haimo. Na maji yenyewe, kwa samadi na mkojo wa ng'ombe, yalikuwa yameelekea kwenye uchachu. Hapo nilianza kunusa kitu.

Basi nikatengeneza maji ya aina tatu. Ya kwanza machachu, ya pili ya kawaida, ya tatu makali, yaliyokolea chokaa. Kote nikatia dawa ileile kwa kiasi kilekile, nikaziweka chupa kwenye kabati la joto, maana baridi ya Mbeya ingenidanganya. Nilitaka joto la kule kijijini. Halafu nikawa napima dawa iliyobaki. Chupa ya maji machachu niliiacha nikaenda kunywa chai, na niliporudi sehemu kubwa ya dawa ilikuwa imeshavunjika. Nikadhani nimekosea, nikarudia upya, ikawa vilevile. Kwenye maji ya kawaida ilijikongoja, lakini haikufika mbali. Kwenye maji ya chokaa, wiki iliisha dawa ikiwa imekaa kama nilivyoiacha.

Nilipiga kigelegele peke yangu mle ndani. Mlinzi alikuja mbio akidhani nimepata msiba au mchumba.

Dawa haikuwa feki. Ilikuwa inafia majini kabla ya siku ya kuogesha kurudi. Nikafungua karatasi iliyokuja na kopo, na maelezo yalikuwa wazi: josho litiwe chokaa. Nikampigia kaka.

"Dawa ilipoletwa, haikuja na chokaa?"

"Ilikuja. Mifuko mingi tu."

"Iko wapi?"

"Si tulipaka josho? Mgeni rasmi alikuwa anakuja kuzindua. Tukapaka ukuta, tukapaka na mawe ya barabarani mpaka kwa mwenyekiti. Wewe mwenyewe ulipiga picha ukasema limependeza!"

Kweli nilipiga, tena niliiweka kwenye simu watu waone kwetu kulivyo kuzuri. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Tungehama na mama yetu mzee kwa sababu ya kupamba mawe!

Nilipanda basi la Iringa na mifuko ya chokaa ya kwangu, kondakta akiniuliza kama nakwenda kujenga. Kwenye mkoba nilikuwa na chupa mbili za dawa iliyokaa majini wiki nzima, moja ya maji ya kawaida, nyingine ya chokaa. Kijijini waliitana pale joshoni. Niliwasalimia wazee, nikaeleza. Mwenyekiti wa kamati ya josho alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mwanangu, chokaa ni ya ukutani. Hapa tuna shida ya kupe." Watu wakaguna kumuunga mkono.

Sikubishana, ingawa ulimi uliniwasha. Nilimwambia kaka alete ng'ombe mwenye kupe wengi. Akamleta jike jekundu, wa mahari yangu, masikio yake hayatazamiki. Nikavaa glavu, nikaloweka sikio la kulia kwa chupa ya maji ya kawaida, la kushoto kwa chupa ya chokaa, mbele ya macho yao. "Dawa ni moja, ng'ombe ni mmoja," nilisema. "Jioni mje mkague masikio."

Kaka hakula mchana. Alimzunguka yule jike kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Jioni walikuja wote, hata waliosema hawaji. Mwenyekiti alishika sikio la kulia, kupe wameng'ang'ania. Akazunguka akashika la kushoto, akapitisha kidole, na kupe wakamdondokea kiganjani kama mahindi makavu yanayopukuchuliwa. Alitazama mkono wake, akatazama ule ukuta mweupe wa josho.

"Kumbe tulinywesha mawe dawa ya ng'ombe," alisema. Wakacheka wote, na yeye akacheka kuliko wote. Mama alinishika mkono mbele za watu na hakuuachia. Nilijisikia mkubwa siku ile, sioni haya kusema.

Josho lilioshwa, likajazwa upya, likatiwa chokaa na dawa. Vifo vikapungua, kisha vikawa habari ya kushangaza badala ya habari ya kila siku. Kaka alimpigia mwenye fuso akamwambia atafute mzigo mwingine. Halafu alifanya jambo ambalo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulifanya: aliezeka nyumba kwa bati, na hapo hapo akapanda miembe.

Mwaka uliofuata alikuja mgeni rasmi mwingine, nami nilikuwapo. Ukuta wa josho ulikuwa umechakaa, mawe ya barabarani yamerudia rangi yake. Mgeni akauliza mbona hawakupaka hata chokaa kidogo.

"Iko ndani ya maji, mheshimiwa," kaka alijibu. "Inafanya kazi."

Mgeni akatazama ng'ombe wanaong'aa, akamtazama kaka, na lafudhi ya kaka ikamfikisha kwenye lile swali letu. "Na wewe bwana, umetoka wapi?"

Kaka alinyoosha mkono kuelekea bati la nyumba yake.

"Pale," alisema.