Waliomba Radhi Kwenye Maegesho

Hata mtoto wa kwetu Kosele anajua kwamba ghala la kiazi kitamu ni udongo. Unachimba cha kuuza leo, cha wiki ijayo unakiacha shambani. Sasa aje mtu na viatu vinavyong'aa akwambie uchimbe shamba zima, ujaze stoo, ungojee bei ipande, eti ndivyo wanavyofanya wenye mahindi. Yawa! Na mtu huyo alilipwa kwa ushauri huo.

Aliyempokea alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, mjane rafiki wa marehemu mama yangu. Nami humwita Mama. Wafadhili walikuwa wamesema wazi kwamba kikundi kisipofuata ushauri wa wataalamu, msaada unakatwa. Basi Mama akawabembeleza wenzake mmoja mmoja mpaka wakakubali. Viazi vikaoza vyote, harufu ikafika barabarani.

Mshauri alikuwa amesharudi Nairobi. Nani alaumiwe? Mama. Walinong'ona kwamba alikula njama na wageni. Kanisani, ambako ndiye aliyekuwa akiongoza maombi ya akina mama, hakuitwa tena mbele. Nilimkuta jikoni kwake, amekonda. "Sitaki kitu cha wale washauri, nyathina," aliniambia, kwa maana ya mwanangu. "Nataka tu waseme mbele ya watu kwamba kosa lilikuwa lao."

Uchungu ni kwamba hiyo ndiyo kazi yangu pia. Nina chumba kimoja Migori, juu ya duka la mbolea, na humo nawashauri wenye saccos na wenye maduka jinsi ya kuendesha biashara zao. Nilikuwa mwanachama wa chama cha washauri, na kampuni iliyompotosha Mama ilikuwa ya wanachama wenzangu. Nililalamika. Wakaniambia linashughulikiwa. Kila nikipiga simu, linashughulikiwa. Nilichoka kusikia neno hilo.

Halafu siku moja wakanipigia wenyewe, sauti tamu kama asali. Kamati ya bunge la kaunti ingekaa Homa Bay kusikiliza maoni ya wananchi juu ya mswada, na chama kilitaka sheria iseme kwamba kazi zote za ushauri za kaunti wapewe wanachama wake peke yao. Mimi, mtu wa huku, nije niwasaidie kuongea na watu. Nikasema nakuja. Sikuwaambia nakuja na Mama.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa chama alisimama na suti yake ya kijivu, akaongea vizuri, sikatai. Alisema fani yetu inachezewa na matapeli. Alisema mwanachama akikosea, chama humwita na kumwadhibu hadharani.

Hadharani! Nilipandwa na hasira. Nikasimama bila kupewa nafasi. "Mheshimiwa, mtaje hata mmoja mliyemwadhibu. Mmoja tu! Mama huyu hapa alipotoshwa na wenzetu, na mpaka leo hakuna aliyemwambia hata pole."

Watu wakaguna. Yeye akatabasamu. "Dada yangu, hilo ni jambo la ndani la chama."

"La ndani? Viazi viliozea nje, soko zima likavinusa!"

Ukumbi ukacheka, wengine wakapiga makofi, na mwenyekiti wa kamati akaniamuru niketi, muda umekwisha. Zikaletwa soda. Basi, hivyo tu.

Tulipotoka, yule bwana wa suti ya kijivu akatufuata hadi kwenye maegesho. Akaushika mkono wa Mama kwa mikono yake miwili. "Mama, pole sana," alisema kwa sauti ya chini. "Yule kijana wetu alikosea. Kosa ni letu, nakiri."

"Asante," Mama akamjibu. "Twende ndani ukayaseme hayo."

Akautazama mlango wa ukumbi, watu bado wamejaa. "Mama, nikisema pale nitakuwa nimechafua jina la fani nzima."

"Na langu?"

Dereva alikuwa ameshafungua mlango wa gari. Bwana akaingia, wakaondoka.

Tuliporudi Kosele, akina mama wa kikundi walikuwa wakitungoja pale wanapouzia viazi. Mama aliwaeleza yote, neno kwa neno: kwamba wamekiri, kwamba wameomba radhi. Walimsikiliza wakiendelea kupanga mafungu yao. Kisha wakanigeukia mimi.

"Ni kweli," nikasema. "Nilisikia kwa masikio yangu. Naapa."

Aliyekuwa karibu nami, ambaye miaka yote alikuwa akiketi na Mama kanisani, akanitazama kifuani. "Wewe nawe si mmoja wao? Hiyo uliyoning'iniza shingoni ni ya nani?"

Ilikuwa beji ya chama. Walinivisha asubuhi pale mlangoni pa ukumbi, nikasahau kuivua. Nilipokuwa nikihangaika kuitoa, Mama alijifunga leso yake vizuri, akaenda nyumbani peke yake.