Magoti Maabarani

Harufu ya mafuta ya taa ikinipata popote, magoti yangu hukumbuka sakafu ya maabara. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kuingia humo, na mwalimu alimwagiza kila mmoja apime mililita hamsini za maji. Wenzangu waliinua silinda zao za kioo juu, wakachungulia. Mimi niliiweka yangu mezani, nikapiga magoti kwenye saruji baridi mpaka jicho langu likawa usawa mmoja na maji.

"Sasa huyu anaombea maji," mmoja akasema, na darasa likacheka.

Mwalimu alikuja, akainama kando yangu, akatazama kwa muda. "Nani alikuonyesha hivi?"

"Mama. Yeye huuzanga mafuta ya taa sokoni Khwisero. Anasema mafuta hupanda kidogo kandokando ya chupa, kwa hivyo upige magoti, usome pale chini, katikati, ndio mteja asipunjwe."

Mama hakuwahi kukanyaga darasani hata siku moja.

Mwalimu akawageukia waliokuwa wakicheka. "Wote, magoti chini. Si adhabu. Leo tunapima vile mama yake hupima."