Bisibisi Sikioni

Fundi wetu hutibu magari ya mbio ya bei nafuu kwa sikio: huweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho kama anayenong'onezewa umbea wa mtaa mzima. Jana mpwa wake alimletea toleo jipya la gari hilo, lililoundwa kutii sheria mpya za mafuta. Lilinguruma hadi mabati ya gereji yakatetemeka. Fundi akagusisha bisibisi kwenye injini. Kimya. Akaihamisha. Kimya! Akajigonga sikio kwa kiganja.

"Mjomba, injini imejizima kuokoa mafuta. Hiyo ngurumo ni ya spika, chini ya kiti."

"Spika? Yaani mimi sasa ni fundi redio?"

Akaifuta bisibisi kwenye suruali mara tatu, kama kawaida yake, akapiga magoti, akaigusisha kwenye spika na kufumba macho.

"Plagi ya tatu imechoka," akasema. "Niachie gari hadi Ijumaa."