Mstari wa Mwalimu

Mwalimu wa historia wa misheni ya Mbozi alipiga mstari ubaoni kila Jumatatu, ulimi kauuma kwa meno, kisha akapuliza vumbi la chaki. Kushoto aliandika Giza, kulia Nuru, na mpaka ulikuwa siku ile chifu alipobatizwa. Nesta, aliyeanza shule akiwa na wajukuu, aliutazama mstari kwa mashaka.

“Mwalimu, siku hiyo mama alikuwa anavuna ulezi. Asubuhi kavuna gizani, jioni kavuna nuruni, na kikapu kilikuwa kimoja. Ule ugali tulioula ni wa upande gani?”

Mwalimu akajikuna kichwa kwa chaki, akaota mvi papo hapo. Halafu akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta katikati ya mstari, likabaki pengo.

“Haya, ulezi upite.”

Tangu hapo, kila Jumatatu, alilowesha kidole gumba kabla hajashika rula.