Mvua Niliyoipunguza

Huu ni mwaka wa kumi na tisa napima mvua. Si kazi yangu. Kazi yangu ni kufundisha hesabu katika shule ya msingi huku upande wa Tongoni. Lakini kipimamvua kimesimikwa nyuma ya ofisi ya walimu, lazima mtu akisome kila siku saa tatu asubuhi, na nilipofika nilikuwa mgeni, na mgeni hana sauti. Nikakabidhiwa daftari, kioo cha kupimia na ufunguo wa uzio. Jumapili napima. Idi napima, na nguo mpya zinalowa. Wenzangu wakanibandika jina, Bibi Matone, wakacheka, nami nikacheka nao.

Sasa niseme kosa langu, maana nimechoka nalo.

Masika yangu ya pili mvua ilinyesha kutwa kucha. Asubuhi nikakuta chupa ya ndani imefurika, maji yamejaa hadi kwenye kopo la nje. Nilipima kioo baada ya kioo, nahesabu kwa sauti nisije nikapotea, nikaandika nilichokiona. Mwisho wa mwezi karatasi ikaenda ofisi ya hali ya hewa mjini kama kawaida. Ikarudi. Tarakimu yangu imezungushiwa duara jekundu, pembeni mtu kaandika: "Mvua ya hivi haijawahi kupimwa hapo. Hakiki." Nihakiki nini, jamani? Maji nilishayamwaga!

Mwalimu mkuu wa wakati ule akaniita. "Binti yangu," akasema, "usituletee maneno. Andika kitu kinachoeleweka." Niliogopa kuhamishwa. Zaidi ya hapo niliogopa kuonekana mwalimu wa hesabu asiyejua kuhesabu. Nikafuta, nikaandika tarakimu ndogo zaidi. Karatasi ikapokelewa, hakuna aliyeuliza kitu.

Basi nikashika adabu. Mvua ndogo niliiandika ilivyo. Mvua kubwa niliikata. Sikuwa na kanuni yoyote, nilikisia tu watakubali hadi wapi, nikaishia hapo. Nilikuwa nawaambia watoto wa darasa la tano kwamba hesabu haina upendeleo, kisha natoka nje kwenda kudanganya kwa kalamu ileile. Nilijiona sina hatia. Mvua imeshanyesha, imeshaingia baharini, nani ataidai?

Kati ya shule na nyumba za ng'ambo kuna korongo. Karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Likijaa, watu walikuwa wanakaa ukingoni wanasubiri, hata kama ni nusu siku, mpaka maji yapungue. Siku moja tukaambiwa inajengwa barabara yenye kalavati, mabomba ya kupitisha maji chini yake. Akaja injinia, kijana mpole, shikamoo mwalimu nyingi mpaka nikaona haya. Alitaka daftari langu. Akanieleza kwamba wanatafuta mvua kubwa kuliko zote zilizoandikwa, kutokana nayo wanakadiria maji yatakayoshuka korongoni, na kutokana na maji hayo wanajua bomba liwe na upana gani. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nilielewa kabla hajamaliza. Pale pale ningeweza kusema, mwanangu, hizo kubwa si za kweli. Badala yake nikamuuliza kama anakunywa chai na sukari.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikuwa anakaa ng'ambo, akiuza maandazi hapa shuleni. Mabomba mawili yalipotandazwa alinivuta kanga. "Wifi, wewe ndiye msomi wetu. Vibomba hivi vitatosha kweli?" Nikamwambia vitatosha, wataalamu wamepiga hesabu. Akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Masika ya mwaka juzi maji yalipanda juu ya barabara. Zamani wifi angesubiri ukingoni kama wote. Lakini sasa palikuwa na barabara, na barabara watu huiamini. Akaingia na ndoo yake ya maandazi kichwani. Tulimpata siku ya pili kwenye mikoko. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Nywele zilikuwa zimejaa mchanga, tunamwaga maji, mchanga hauishi. Na nitasema lililo baya kuliko yote: asubuhi ile aliyopotea, saa tatu, kabla habari haijanifikia, nilikuwa nimeshapima na nimeshapunguza.

Mwezi uliopita injinia alirudi kujenga upya. Safari hii sikumpa chai. Nilimweleza yote, toka lile duara jekundu, nikilia kama mtoto mbele ya walimu wenzangu. Alinisikiliza kwa heshima. Halafu akasema, "Pole sana mwalimu. Msiba unatufanya tujilaumu." Nikamwambia siyo msiba, baba, ni uongo, nimeandika uongo miaka yote hii.

Akachukua kalamu. "Basi nipe za kweli."

Lo! Sikuwa nazo. Sikuzitunza popote, hata kwenye kipande cha karatasi, hata kichwani. Nilikuwa nakumbuka tu kwamba zilikuwa kubwa.

"Kubwa kiasi gani, mwalimu? Mara mbili? Mara tatu?" Hata hilo sikujua. Akafunua daftari, akalipitia ukurasa kwa ukurasa, akasema upande huu wote hajaona jingine kama hili, miaka yote hakuna hata siku moja iliyorukwa, na siwezi kumwambia aliache kama sina cha kumpa mahali pake. Akatoa simu, akapiga picha kurasa zote.

Mabomba yameshashushwa kando ya korongo. Jana, walipokwenda kula, niliyapima kwa rula ya darasani. Upana ni uleule. Kaka yangu amepata kibarua pale, yumo kwenye kundi linalochimba mtaro wa kuyalaza. Mchana huja kwangu kunywa maji, ananishukuru kwa kumsemea kwa injinia apate kazi, na bado sijamwambia.